Nilikataa Picha Nzito

Wanangu mnaotengeneza tovuti, nimestaafu lakini sijanyamaza.

Hivi karibuni vijana fulani wa Iringa walinialika nikazungumze nao kuhusu kazi yetu. Nilipofika kwenye habari ya kupunguza uzito wa picha, kijana mmoja, mstaarabu kabisa, akanyoosha mkono akasema kwa heshima zote kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Mtandao siku hizi una kasi, simu zina nguvu, na kama picha inahitaji kubanwa, programu inaibana yenyewe. Wenzake wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Siku ile sikumjibu vizuri, maana muda ulikuwa umekwisha na watu walikuwa wanaisubiri chai. Leo ninamjibu.

Jibu langu ni hapana. Mtandao una kasi pale ulipoketi wewe. Ukitoka Mbeya ukapita Uyole, ukashuka mpaka Rujewa, kisha ukaiacha lami ukaingia ndani kwenye mbuga za Usangu, utawakuta watu wenye simu nzuri tu mkononi wakizinyoosha juu kutafuta mnara. Hao nao ni wasomaji wako. Ukisema hawakuhusu, sema hivyo waziwazi, usisingizie kwamba teknolojia imekua.

Najua wapo wanaoniona mkorofi kwa jambo hili. Mmoja wao aliwahi kunifukuza kazi. Nitawasimulia, ila kwanza niwaeleze nilikotokea, msije mkadhani ubishi huu niliuokota barabarani.

Kazi yangu haikuanzia kwenye kompyuta. Nilianza nikiwa msichana, katika studio ya picha ya Mzee Harish, mjini Mbeya. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa na alitaka mwanawe alirithi. Mwanawe akachagua kamera, na ukoo mzima ukanuna. Alikuwa mzaliwa wa Mbeya, Kiswahili chake kilikuwa cha Mbeya kama changu, na akikasirika alichanganya Kisafwa alichojifunzia sokoni. Hakuwahi kutengeneza tovuti hata moja maishani mwake, lakini karibu kila ninachokijua kuhusu picha za tovuti kilitoka kwake.

Alinifundisha kukata. Watu walikuja kupiga picha ya pasipoti wakiwa wamevaa suti ya kuazima na viatu vilivyong'arishwa mpaka vinatisha. Siku moja alikuja dereva wa lori la kwenda ng'ambo ya Tunduma. Alipopewa picha zake akalalamika kwamba viatu havionekani. Mzee Harish akamuuliza kwa upole kama askari wa mpakani atamtambua kwa viatu. Dereva akacheka, akalipa, akaenda zake. Kisha mzee akanigeukia akaniambia kwamba kabla sijagusa mkasi lazima nijue huyu mtu anakwenda kuifanyia nini hii picha. Nikishajua, kitakachobaki ndicho kinachotakiwa.

Jambo lingine alilonifundisha ni kuogopa nakala ya nakala. Familia zilileta picha ya marehemu baba yao, filamu yake imepotea, wanataka nakala. Tulikuwa tunaipiga picha ile picha. Baada ya miaka, ndugu mwingine analeta ile nakala, naye anataka yake. Kila mara uso ulipoteza kitu. Mara nyusi, mara tabasamu, mpaka unabaki na kivuli chenye kola. Mzee Harish alikuwa anawarudisha nyumbani wakaitafute picha ya kwanza, hata kama ni kijijini Rungwe, hata wakinuna.

Niliponunua kompyuta na kuanza kutengeneza tovuti sebuleni kwangu Ilomba, nilikuta mambo ni yale yale. Faili la picha la aina ya JPEG ukilifungua, ukalibana, ukalihifadhi, kesho ukalifungua tena ukalibana tena, unamfanyia msomaji kile tulichomfanyia yule marehemu. Kwa hiyo picha asilia iweke mahali pake, usiiguse. Ukitaka nyepesi, anza upya kutoka kwenye asilia.

Na mnisikilize hapa, maana ndipo wengi mnapopotea. Kubana ni hatua ya mwisho. Ya kwanza ni kukata kisichohitajika. Inayofuata ni kupunguza vipimo. Kamera inakupa picha yenye upana wa pikseli elfu nne, vile vinukta vinavyoijenga picha, wewe unaiweka kwenye kijisehemu cha ukubwa wa kiganja. Msomaji haoni tofauti, lakini simu yake imeipakua yote, pikseli zote elfu nne, kisha ikaikunja ili itoshe. Bando limekwenda, na alichoona ni kiganja. Punguza vipimo kwanza, ndipo ubane. Picha za kamera zipeleke kwenye JPEG au WebP. Nembo na michoro yenye rangi chache iweke PNG. Picha zilizo chini kabisa ya ukurasa zisubiri mpaka msomaji ashuke. Maneno yaandike kama maneno, usiyachore ndani ya picha, ili picha ikigoma kufunguka maneno yabaki.

Tena ukibana, tumia macho, usishindane na namba. Mwenye mashine moja ya kukoboa mpunga Rujewa alinipa kazi ya kumtengenezea tovuti ya kuuzia mchele. Nilikuwa nimenogewa na kubana, basi nikaubana mchele wake mpaka ukurasa ukawa unafunguka kabla hujamaliza kubonyeza. Baada ya siku chache mwenyewe akafika Ilomba na mfuko. Hakusalimia. Akaumwaga mchele wake juu ya meza yangu, punje ndefu, nzima, nyeupe, kisha akaifungua tovuti kwenye simu yake akaiweka kando ya ule mchele.

"Mama Tusa," akasema, "wateja wananiuliza kwa nini nauza chenga."

Nikatazama. Kweli, kubana kulikuwa kumezivunja punje zake zote. Nilirekebisha pale pale, naye akaniachia ule mchele kama ukumbusho. Tuliupika. Ulikuwa mzuri sana.

Sasa kuhusu kufukuzwa.

Palikuwa na mradi mmoja wa mifugo uliokuwa na ofisi yake Iringa. Sitautaja jina, na siku hizi haupo. Ulikuwa na nia nzuri. Wafugaji wengi wa Usangu ni familia zilizohamia kutoka kaskazini na ng'ombe wao, na ng'ombe wakiugua ugonjwa wa miguu na midomo, uvumi hutangulia ukweli. Mradi ulitaka tovuti yenye picha za dalili, ili mfugaji aone mapema, amtenge mnyama, ampigie simu bwana mifugo. Niliajiriwa kuitengeneza na kuitunza. Picha nyingi nilizipiga mwenyewe, nikifuatana na bwana mifugo wa kata, nimevaa mabuti ya mpira, harufu ya zizi mpaka kwenye nywele.

Mkuu wa mradi aliitwa Bwana Festo. Alikuwa mchapakazi, hana makuu, alijua majina ya watoto wa wafanyakazi wake wote. Shida yake ilikuwa wafadhili. Wageni walipofika ofisini Iringa aliifungua tovuti kwenye skrini kubwa ukutani, na alitaka ile skrini ijae. Kwa hiyo aliagiza kila ukurasa ufunguke kwa picha kubwa pana: anga la buluu, milima, kundi la ng'ombe, wataalamu wakitabasamu. Nikamwambia picha zile ni nzito mno kwa simu za Usangu. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, mnara mpya unakuja. Niliziweka kama alivyotaka.

Kiangazi kilipoanza nilikwenda kwa Mama Kabula. Huyu ni mfugaji, mjane, mama wa mabinti watatu, na ng'ombe wake aliwajua kwa sauti. Nilikuwa nimefikia kwake mara nyingi wakati wa kupiga picha. Safari hii nilipomwamkia kwa Kisukuma changu kibovu hakucheka kama kawaida yake. Zizi la ndama lilikuwa tupu.

Akanisimulia. Ng'ombe mmoja alianza kudondosha udenda. Wengine walimwambia amekula majani mabaya, wengine wakasema amechomwa na mwiba mdomoni. Akakumbuka tovuti yetu. Akapanda kwenye kichuguu ambako mtandao hushika, akaufungua ukurasa. Picha ikaanza kushuka kutoka juu, kipande kwa kipande. Likatokea anga. Akasubiri. Ikatokea milima. Akasubiri tena. Zikatokea kofia za wataalamu, kisha nyuso zao, wanatabasamu. Bando likaisha hapo. Picha ya ule ugonjwa ilikuwa chini zaidi, na hakuifikia kamwe. Aliamini ni mwiba, akawapeleka ng'ombe wote mtoni pamoja na wa majirani. Baada ya hapo ugonjwa ulienea kwao wote. Wakubwa wengi walipona wakiwa wamekonda. Ndama walikufa.

Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alinikaribisha maziwa kama siku zote, kisha akaomba nimwonyeshe kwenye kamera yangu ile picha ambayo hakuiona. Nikamwonyesha ng'ombe mzima, kuanzia pembe mpaka mkia, amesimama, udenda unamtoka. Akaitazama kidogo akanirudishia.

"Ng'ombe mzima ninaye," akasema. "Nionyeshe ulimi."

Nikaikuza mpaka ulimi ukajaa kwenye kioo. Malengelenge yakaonekana, mengine yamepasuka. Mama Kabula akasema polepole kwamba ndivyo ulivyokuwa, hivyo hivyo, na kwamba yeye mwenyewe aliufungua ule mdomo akayaona, ila hakujua ni nini.

Wanangu, nilirudi Rujewa nikapanga chumba, nikafungua kompyuta, na sikuomba ruhusa ya mtu. Ile mipicha mipana niliiondoa yote. Nikazichukua picha asilia, nikakata nikabakiza ulimi, fizi, kwato, na chuchu. Nikapunguza vipimo. Nikabana hatua kwa hatua, nikiyatazama malengelenge. Yalipoanza kufifia nilirudi nyuma hatua moja. Sehemu za pembeni, ngozi na majani, niliziacha ziwe na ukungu, maana hakuna anayezitafuta. Nikazihifadhi kwa namna ambayo picha hutokea yote kwa mara moja ikiwa hafifu, kisha huzidi kuwa safi kadiri mtandao unavyoruhusu, ili hata bando likikatika njiani mtu awe ameona kitu. Chini ya kila picha nikaandika kwa maneno: hiki ni nini, fanya nini, mpigie nani. Halafu nikafuta taarifa zilizojificha ndani ya mafaili, zile ambazo kamera huandika kimya kimya kuhusu mahali picha ilipopigwa. Zinaongeza uzito, na nyumba ya mtu si ya kutangazwa.

Siku hizo hizo wageni walifika Iringa. Skrini ya ukutani ikafunguliwa, na badala ya anga la buluu ukatokea ulimi wenye malengelenge, mdogo, katikati ya weupe mtupu. Bwana Festo akanipigia simu. Hakufoka. Aliniambia nimemwaibisha, na kwamba nirudishe kila kitu kama kilivyokuwa.

Nikapanda basi kwenda Iringa nimweleze uso kwa uso. Nilimsimulia habari za kichuguu, anga, milima na kofia. Alinisikiliza, na niliona imemgusa, alivua miwani akaifuta wakati haikuwa na uchafu. Lakini akasema bila wafadhili hakuna mradi, na bila mradi hakuna tovuti yoyote, nzito wala nyepesi. Nikapendekeza tuwe na kurasa mbili, moja ya skrini yake na nyingine ya simu. Akasema wafadhili wanataka kuona kile kile ambacho mfugaji anakiona. Nikamwambia basi waone ulimi.

Akaivaa tena miwani yake, akauliza, "Mama Tusa, utazirudisha picha au hutazirudisha?"

"Sitazirudisha."

"Basi itabidi atafutwe mwingine azirudishe."

"Atafutwe. Mimi sizirudishi."

Ndivyo nilivyofukuzwa, taratibu, bila kelele, na mtu aliyenisindikiza mpaka mlangoni akiniulizia hali ya mwanangu. Nilishuka mlima wa Iringa nikiwa nimekasirika mpaka masikio yanawaka. Basi lilipofika Makambako hasira ilikuwa imepoa, woga ukaingia, maana ile ndiyo iliyokuwa kazi yangu kubwa. Tulipofika Uyole nilikuwa nimeshaamua.

Picha zilikuwa zangu, kwa mkataba. Nilikuwa nimewapa ruhusa ya kuzitumia, sikuwa nimewauzia. Nikafungua ukurasa wangu mwenyewe, mmoja tu, hauna urembo wowote. Bwana mifugo alisoma kila neno akasahihisha, akakubali namba yake ya kazi iwekwe. Mama Kabula nilimpa kazi ya kuwa mkaguzi. Kila nilipomaliza picha nilimpigia simu, naye anapanda kwenye kichuguu chake, anaifungua. Ikichelewa ananiambia irudi kwa fundi. Ikifunguka lakini haeleweki, ananiambia huo si ulimi, hilo ni andazi. Sijawahi kuwa na msimamizi mkali kama yule, na Mzee Harish namhesabu humo.

Kiangazi kilichofuata ugonjwa ulirudi. Ulianzia ng'ambo ya pili ya mto, kwa kijana mmoja ambaye hata simfahamu. Aliuona udenda, akaufungua ukurasa papo hapo zizini, akaufungua mdomo wa ng'ombe, akalinganisha. Akampigia bwana mifugo, kisha akawatuma watu kwa majirani kwamba asiwepo wa kupeleka mifugo mtoni upande ule. Mama Kabula alizipata habari wakati ng'ombe wake wameshatoka zizini. Akawarudisha. Aliniambia baadaye kwamba walimlalamikia mchana kutwa kwa kiu, akawachotea maji kisimani yeye na mabinti zake, ndoo kwa ndoo, mpaka mikono ikapasuka. Sisemi kwamba hakuna aliyepoteza kitu. Yule kijana alipoteza ndama wake. Lakini kwa Mama Kabula ugonjwa haukuingia, na alinipigia simu ili tu nisikie ndama wakilia.

Kwa hiyo mkiniambia programu inabana yenyewe, nawaelewa. Ninazitumia hizo programu, ni nzuri, zinaokoa muda. Lakini programu haijui ulimi uko wapi. Itaubana ulimi na anga kwa kipimo kimoja. Anayejua ni wewe, na utajua tu ukienda ukamuuliza msomaji, kisha ukasimama naye pale anaposimama yeye, na simu kama ya kwake, na mtandao kama wa kwake. Siyo ofisini kwenye mtandao wa waya. Bosi akikwambia ongeza ukubwa ili ukuta upendeze, mweleze kwa adabu. Mara ya pili mweleze tena. Mara ya tatu kataa. Utaogopa, kama nilivyoogopa Makambako. Kataa hivyo hivyo.

Mradi ulipofikia mwisho tovuti yao ilizimwa, pamoja na anga lake. Ukurasa wangu haukuzimwa, na ulikuwa umeanza kusemwa mpaka Chunya. Ndipo Bwana Festo akanipigia tena. Tulisalimiana vizuri, akanipongeza kwa moyo kabisa. Alikuwa ameanzisha mradi mwingine, na akaniomba, kwa kuwa kazi ile ilianzia kwao, tuweke nembo ya mradi wake mpya juu ya ukurasa, kubwa kidogo, ionekane.

Nikamuuliza nembo yenyewe ina uzito gani. Akasema hajui, mchoraji ndiye anayejua, ila ni nzuri sana, ina jua linachomoza na ng'ombe na mikono imeshikana. Nikamwambia aipime kwanza, na ikizidi uzito wa ulimi wa ng'ombe, haiingii.

Hajapiga tena. Ukurasa upo, unafunguka, na juu hauna kitu.